Mpaka Kidole Kizame

Elisabethville, tarehe 12 Aprili 1957

Tate wangu Waridi,

Nakusalimu wewe, bibi yangu uliyenilea, na namusalimu fundi Assani anayekusomea barua hii huku cherehani yake ikingoja. Fundi, soma polepole. Tate hapendi kukimbizwa.

Kwa barua ya mwezi wa pili uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu kutazama mashini si kazi, ni uvivu uliovaa viatu. Basi nieleze. Kampuni ina mabehewa mengi yanayobeba mawe ya shaba. Kila behewa lina karatasi yake ngumu, na katika karatasi tunatoboa matundu. Tundu hapa, maana yake behewa limetoka. Tundu pale, limefika. Mashini haisomi maandishi. Inapapasa matundu tu, kama kipofu anayepapasa nyuso za wajukuu. Pakiwa na tundu inasema ndiyo, pasipokuwa na tundu inasema hapana, na neno la tatu haijui.

Inafanya kazi ya watu mia, Tate, lakini akili yake haifiki ya kuku. Kuku ukimufukuza anajua kukimbia. Hii, usipoiambia simama, haisimami. Kwa hiyo lazima awepo muntu wa kuandika hatua: kwanza fanya hili, pili hili, kama tundu lipo peleka karatasi kushoto, kama halipo peleka kulia, halafu rudia. Monsieur Jacques, muzungu anayetufundisha kila Jumamosi, amechagua makarani sita. Atakayejua kuandika hatua atabaki na mashini. Asiyejua atarudi kubeba masanduku ya karatasi.

Sasa ametupa mutihani. Kila muntu aandike kazi moja ya kwao, hatua kwa hatua, namna ambayo muntu asiyeiona hata siku moja ataifanya bila kuuliza. Mi nimechagua bugali ya muhogo, yako. Hapa wanakula bukari ya mahindi, na Félicité wangu, aliyezaliwa hapa hapa, hajamenya muhogo maisha yake. Jirani yetu Norbert analima mihogo nyuma ya cité, mutaa wa sisi weusi, atatupa. Félicité amesema: "Muandikie Tate. Mi nitafuata hatua na wewe utafunga kinywa. Nikipika bila kuuliza, umefaulu."

Jambo moja. Monsieur Jacques amekataza "kidogo", amekataza "vizuri", amekataza "mpaka uone inatosha". Anasema mashini haina macho ya kuona inatosha. Anataka hesabu: mara ngapi, siku ngapi. Fundi Assani, nisaidie hapo. Tate akisema kidogo, muulize ni ngapi.

Mujukuu wako,
Placide

Nilitaka kusahau: Félicité ana mimba, mwezi wa ine.


Baraka, tarehe 30 Aprili 1957

Placide, bwana yangu mudogo,

Barua imefika, inanuka treni na samaki ya ndagala. Nimeisikia yote. Mashini umeipa ukurasa muzima, na mutoto umemuweka chini ya jina lako, kama chumvi iliyosahauliwa sokoni. Muntu wa kwanza wa damu yangu kuzaliwa huko kwa Bayeke, inchi ya shaba, na anapata mustari moja. Nitakupiga siku tukionana.

Mwambie Félicité kwamba mi ni Tate yako, na kwa desturi ya kwetu Tate ni muke wa mujukuu. Kwa hiyo yeye ni muke mwenzangu. Mi ni muke mukubwa. Nitamusumbua sana, na akiumwa na mugongo nitamukanda mi mwenyewe.

Haya, hizo hatua. Assani amenisimamisha kila neno. Nasema mayi kidogo, anauliza vikombe vingapi. Nasema jua kali, anauliza siku ngapi. Nimemuuliza, na wewe ulipenda muke wako kwa vikombe vingapi? Mukono yake imeendelea tu kuandika hesabu.

Ya kwanza, chukua muhogo, kata ncha, weka kwa ulimi. Kama ni tamu, chemsha, kula, kazi imeisha, musisome zaidi. Kama ni chungu, endelea. Ya pili, menya, ganda ya inje na ile nyeupe ya ndani, usiache kitu. Ya tatu, kata vipande virefu kama mukono wa mutoto. Ya ine, loweka ndani ya mayi siku tatu, mayi ifunike vipande vyote. Ya tano, toa, osha, vuta ule uzi wa katikati, tupa. Ya sita, bomoa, anika kwa jua siku mbili. Ya saba, twanga, chekecha. Kinachobaki juu ya chekecheke, rudisha kwa kinu, twanga tena, chekecha tena, mpaka kisibaki kitu. Assani ameuliza mara ngapi. Nimemwambia aulize kinu. Ya nane, chemsha mayi vikombe vine, weka bunga vikombe vitatu, songa na muiko, na usikae chini wakati unasonga. Bugali inajua muntu aliyekaa.

Ikiiva, Félicité ale kwanza. We utakula baadaye.

Usimuache abebe ndoo.

Waridi, Tate yako
(Hapa chini ni kidole yake, ameitia wino mwenyewe. Mwandishi ni Assani, fundi cherehani, Baraka sokoni.)


Elisabethville, tarehe 9 Juni 1957

Tate wangu,

Asante kwa zile hatua. Nilizisoma mbele ya wenzangu na Monsieur Jacques alisema zimepangwa vizuri. Hapa baridi imeingia. Asubuhi mvuke unatutoka kinywani kama chungu kinachochemka. Kazi ni nyingi.

Nikueleze namna tunavyopanga karatasi, utaipenda. Tuseme una mabehewa mia tisa, kila moja na namba yake, na karatasi zake zimechanganyika. Muntu angeanza kutafuta namba ndogo kuliko zote, halafu inayofuata, mpaka macho yamuume. Mashini haifanyi hivyo. Tunaanza na mukia. Zote zinazoishia na sifuri zinaanguka kwa kisanduku cha kwanza, zinazoishia na moja kwa cha pili, hivyo hivyo hata tisa. Tunaziokota kwa mupango huo bila kuzichanganya, tunazipitisha tena, sasa kwa tarakimu ya katikati. Mara ya tatu, kwa ile ya mbele. Mara tatu tu, Tate, na mabehewa yote yamesimama kwa musitari, bila karatasi hata moja kupimwa na mwenzake. Mara ya kwanza nilifikiri ni uchawi. Si uchawi, ni kutochanganya ulichokwisha kupanga.

Nitaandika tena nikipata nafasi.

Mujukuu wako,
Placide


Baraka, tarehe 24 Juni 1957

Placide,

Nimemwambia Assani asome tena, pengine ameruka. Amesoma mara tatu. Hajaruka kitu. Barua yako haina Félicité.

Haina mimba. Haina bugali. Umeniuliza hatua nane, nimekaa siku nzima juu ya kiti ya Assani mugongo ikilia, na hukuniambia kama imeiva ao imeungua.

Ulikuwa na miaka saba. Ulivunja chungu yangu ya mayi, halafu ukaja mbio kunieleza habari ya nyoka mukubwa, urefu wake, rangi yake, namna alivyokutazama. Ulieleza vizuri sana. Nyoka hakukuwa. Sasa hizi karatasi zako zinazopangwa kuanzia mukia, hiyo ni nyoka yule yule.

Chungu iko wapi?

Waridi
(Kidole yake. Amekataa nisome tena kabla ya kufunga. Assani.)


Elisabethville, tarehe 8 Julai 1957

Tate wangu,

Chungu kimevunjika.

Norbert alileta mihogo siku ya mwisho ya mwezi wa tano. Félicité alikata ncha, akaonja, akatema: chungu. Akaendelea kama ulivyosema. Mi nilifunga kinywa. Aliloweka katika pipa nyuma ya nyumba siku tatu, akaanika siku mbili, akaazima kinu, akatwanga. Nilikuwa kazini alipopika. Alikula yeye kwanza, kama ulivyoagiza.

Niliporudi nilimukuta chini, kichwa kinamuzunguka, anatapika, miguu haimutii. Alilala hospitali siku ine. Sasa amepona. Mutoto anacheza tumboni, munganga amemusikiliza mara mbili. Hilo nimeliweka juu, Tate, si chini ya jina.

Mama yake, Mama Constance, alikuja hospitali. Anajua kusoma. Aliomba barua yako, akaisoma amesimama, akaweka kidole kwenye "muke mwenzangu", halafu kwenye "Félicité ale kwanza". Akaniuliza: "Kwa nini yeye kwanza?" Desturi ya Tate na mujukuu hata kwao ipo, anaijua vizuri, lakini siku ile alikuwa na hasira na hasira haikumbuki desturi. Amemuchukua Félicité kwake, upande wa pili wa cité. Anasema bibi kizee wa Baraka amemutumia binti yake sumu kwa posta. Anasema Félicité hatarudi nyumbani kwangu, na mutoto akizaliwa hatauona uso wako, mpaka nichague: muke ao barua za Baraka.

Mi sikuamini kwamba ulitaka kumudhuru. Lakini nataka kusema kweli yote. Ile siku ya hospitali nilisoma barua yako peke yangu, na mi pia nilisimama kwenye lile neno la kula kwanza. Nilisimama muda murefu. Ndiyo sababu nilikuandikia habari ya karatasi.

Nisamehe, na kama kuna hatua ulisahau, niambie.

Placide


Baraka, tarehe 20 Julai 1957

Placide, mutoto wangu,

Mutoto anacheza. Nimemwambia Assani asome pale mara mbili, halafu nikatoka inje nikatembea mpaka kwa mayi na kurudi, halafu nikamwambia sasa soma mengine.

Ulisimama kwenye neno. Ni vizuri umesema. Imeniuma, na ni vizuri umesema. Ungeficha hiyo nayo, ningeisikia siku moja ndani ya sauti yako na hapo tungekuwa tumechelewa.

Nilitaka Assani amuandikie Constance maneno fulani. Amekataa, anasema hajui namna ya kuyaandika. Anajua. Tumeacha.

Nikafikiri hivi. Kisu ikipotea, hatuendi kwa mulaguzi kupiga ramli. Tunarudi njia ile ile tuliyopita, hatua kwa hatua, macho chini. Nikamwambia Assani, funga cherehani, chukua ile karatasi yako uliyobakiza, leo we utasoma na mi nitafanya kwa mukono. Usinieleze kitu, soma tu, mi ni Félicité, mi sijui muhogo. Tumekwenda mutoni, pale Mutambala tunapoloweka. Bamama walicheka kuona fundi cherehani na mwavuli katikati ya mihogo, na mama moja amemuuliza kama anakuja kuishonea suruali.

Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya ine akasoma: loweka siku tatu.

Nikasema, rudia.

Akarudia: siku tatu.

Nikasema, Assani, nani amesema siku tatu?

Akasema, wewe, Mama Waridi.

Nikasema, kinywa hii? Mi nilisema: loweka. Kila asubuhi toa kipande moja, ile kubwa kuliko zote, bonyeza na kidole. Kama kidole haizami, rudisha ndani ya mayi, ngoja kesho, bonyeza tena. Ikizama mpaka fundo ya kwanza bila kutumia nguvu, hapo toa yote. Hivyo nilisema, na nilikuonyesha kwa kidole yangu juu ya meza yako.

Amekaa juu ya jiwe. Mwavuli imeanguka ndani ya mayi. Sasa namupa nafasi aandike kwa kinywa yake.

*Placide, mi Assani. Ni kweli, alisema hivyo na alionyesha. Uliniomba nimuulize ni ngapi. Nilipomuuliza siku ngapi za kuloweka, alisema, "Muhogo ndio unajua." Nikaona hiyo si hesabu, Monsieur wako ataikataa na utarudi kubeba masanduku. Na mi nimezaliwa Baraka, tangu utoto nimeona mama yangu akitoa mihogo siku ya tatu, hata mara moja sikuona siku ya ine. Kwa hiyo niliandika siku tatu, nikaona nimekusaidia. Pale kwa kinu niliacha "mpaka kisibaki kitu" kwa sababu sikujua idadi. Ningejua, ningeharibu na pale. Kosa ni ya mukono wangu. Mwambie mama mukwe wako jina langu.*

Mimi tena. Usimwambie jina lake peke yake. Hapa kwetu mayi ni ya vuguvugu, kidole inazama siku ya tatu, ni kweli, mpaka tumezoea kusema siku tatu na kusahau kidole. Lakini mwaka moja, Assani bado hajazaliwa, mvua ilipiga sana kule juu Minembwe, Mutambala ikashuka baridi kama chuma, na siku ya tano muhogo bado ngumu. Muhogo ikisikia baridi inalala, na ile uchungu yenye sumu inalala nayo ndani. Uliniandikia mvuke unatoka kinywani. Nilisikia, nikafikiri, maskini hana koti. Sikufikiri pipa, na ile barua ya hatua nilitia kidole bila kusomewa tena. Basi Assani ana kosa, na mi nina kosa, na wewe uliyemukataza muntu kusema "mpaka", una yako. Tugawane, kila muntu abebe kwa kichwa yake.

Na hiyo ya kula kwanza. Kwangu muntu mwenye mimba anakula kwanza, wanaume wanangoja wakimeza mate. Mama yako alikula kwanza, ndiyo sababu we una meno mazuri. Mwambie Constance hivyo.

Lakini usinitetee kwa maneno, maneno ndiyo yametufikisha hapa. Omba mihogo ingine. Loweka we mwenyewe, mbele ya macho ya Constance. Bonyeza kila asubuhi. Na safari hii we ndiye ule kwanza, akikutazama.

Assani ameandika kila neno kama nilivyosema. Nimemufanya asome yote tena kabla ya kutia kidole.

Waridi


Elisabethville, tarehe 4 Agosti 1957

Tate wangu,

Nilikwenda kwa Mama Constance na barua yako. Alinisikiliza kupitia mulango, hakufungua. Nilipomaliza akasema: "Barua ya kuosha barua. Na kesho italetwa ya tatu." Nikamwambia sikuja na maneno, nimekuja na mihogo. Halafu akasema pipa litakaa uani kwake, si kwangu, na ufunguo wa ua utakaa shingoni mwake.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi navuka cité nzima kwenda kubonyeza muhogo. Majirani zake wameniita karani wa mihogo. Félicité anakaa mulangoni, tumbo limekuwa kubwa, hasemi nami mbele ya mama yake, ila jana alicheka nilipotumbukiza na mukono wa shati.

Leo ni siku ya tatu. Mama Constance alisimama karibu. Nilitoa kile kipande kikubwa, nikabonyeza, nikamuonyesha. Hata ukucha haukuingia. Ngumu kama kuni. Alitazama kile kipande, akamutazama Félicité, akatazama pipa. Halafu alisogea hatua moja.

Na sikia hili. Wiki hii hii nilipata aibu kazini. Niliandika hatua ya kuhesabu mabehewa ya siku. Ndani ya mashini kuna kama kisanduku kidogo, unaanza na sifuri, kila karatasi ikipita kinaongeza moja. Niliiambia: rudia mara mia tano, halafu simama, kwa sababu kila siku tunapata mia tano. Siku hiyo zilikuwa mia tano na kumi na mbili. Mashini ilifika mia tano ikasimama, imetulia, imeridhika. Mabehewa kumi na mawili yakapotea kwa karatasi huku yamesimama kwa reli watu wote wanayaona.

Monsieur Jacques aliuliza darasa kosa liko wapi. Niliinua mukono. Nilisema: "Nimehesabu mahali nilipotakiwa kuuliza." Nikasema kuna kurudia kwa namna mbili. Kama idadi unaijua hakika, rudia mara kadhaa. Kama huijui, kila mara uliza kwanza: bado kuna karatasi? Kuna, endelea. Hakuna, simama. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema, kwa mihogo. Wenzangu walicheka sana, na mi sikucheka.

Kesho ni siku ya ine. Sijui kama Mama Constance atafungua ua.

Placide


Elisabethville, tarehe 29 Septemba 1957

Kwa Tate Waridi,

Ni mimi, muke mwenzako. Nilijifunza kuandika kwa masista, kwa hiyo safari hii hakuna atakayeniwekea maneno kinywani, na Placide nimemukataza kusoma juu ya bega langu.

Nianze na kilicho juu. Tarehe kumi na moja mwezi huu nimezaa mutoto mwanaume. Analia kama muntu mwenye haki zake. Tuko wazima wote wawili, na barua hii ninaiandikia nyumbani kwetu, kwa Placide.

Sasa nikueleze. Mama alifungua ua siku ya ine. Bado ngumu. Siku ya tano kidole cha Placide kiliingia nusu ya ukucha. Mama akasema, kwa sauti ya kujisemea, "Kumbe inaendelea." Siku ya sita kikazama mpaka fundo. Placide akataka kutoa yote. Mama akasema: "Ngoja wewe. Kidole chako ni cha mwanaume, unasukuma." Akakunja mukono wa gauni, akabonyeza mwenyewe. Kikazama. Akabaki hivyo, kidole ndani ya muhogo. Halafu akanigeukia: "Binti, njoo na wewe."

Tulipokwisha kuanika, kutwanga na kupika, Placide alikula peke yake asubuhi, mama amekaa mbele yake kama hakimu, mpaka jua likashuka. Alikuwa muzima, tena anaomba nyingine. Kesho yake nikanyoosha mukono kwenye sahani. Mama akaupiga. Akasema, "Mi ni wa pili." Alikula, akangoja, akangoja sana, halafu akanisukumia sahani na kusema, "Muntu mwenye mimba alitakiwa kula kwanza. Huyo bibi hakukosea hapo." Hakuniomba radhi mi wala wewe, Tate, usingoje. Siku hiyo jioni alinibebea sanduku langu mpaka kwa Placide, yeye mwenyewe, kichwani. Sasa yupo hapa, ndiye anayemuosha mutoto.

Nimeandika hatua ya ine upya. Nimeweka kila asubuhi, nimeweka kipande kikubwa kuliko vyote, nimeweka mpaka fundo la kwanza bila nguvu. Nimeongeza neno langu kidogo: "kidole cha yule atakayekula kwanza." Placide aliipeleka darasani. Amebaki na mashini.

Katika kikapu alicholeta musafiri wa Albertville kuna kipande kimoja cha ule muhogo. Usikipike. Tulikikausha kama kilivyo. Kina matundu matatu. Kubwa ni la bwana wetu Placide. La katikati ni langu. La tatu, lililoingia ndani kuliko yote, ni la mama. Ni yeye aliyesema tukutumie.

Muke mwenzako mudogo,
Félicité


Baraka, tarehe 17 Oktoba 1957

Félicité, muke mwenzangu, na wote wa nyumba hiyo,

Kikapu imefika. Assani alitaka kusoma barua kwanza, nimemwambia ngoja, nikashika muhogo, nikajua kabla hajafungua kinywa.

Nimetia kidole yangu ndani ya kila tundu. Ya Placide inacheza, pana, bila adabu. Ya Félicité imenishika kidogo, ni kama mukono wa salamu. Ya Constance imenikaza kwenye fundo na haikutaka kuniachia. Nimecheka. Mwanamuke wa namna hiyo ningependa tupigane naye uso kwa uso, halafu tupike. Mwambieni asante kwa kumuosha mutoto, na kwamba radhi siihitaji, tundu inatosha.

Ile kipande nimeiweka juu ya dari, kwa moshi. Bamama wa mutoni wamekuja kuiona. Assani anaeleza kila muntu hadithi yake, na kila siku mwavuli inaanguka mbali zaidi.

Sasa mutoto. Huyo ni bwana yangu mupya, Placide amezeeka. Nataka kumuona. Assani ameshika kalamu, anauliza, tuwaandikie mwezi gani, tarehe ngapi, ndiyo wapange treni na mashua. Nimemwambia weka kalamu chini. Hakujifunza kitu, huyu.

Andika hivi, Assani, neno kwa neno. Musiniletee tarehe. Kila asubuhi mumuweke mutoto chini juu ya mukeka, mumuachie mikono. Akianguka, mumushike, mungoje kesho, mumuweke tena. Siku atakayokaa mwenyewe bila kushikwa, hapo pandeni treni.

Mi nitakuwa na muhogo ndani ya mayi. Laini, kwa kidole yake.

Waridi
(Leo hakuna wino. Amebonyeza na kidole yenye unga.)